Sauti Mbili, Nyimbo za Wengine: Wahakiki Walivyoipokea "Raising Sand"

Mhakiki anayepewa albamu ya nyimbo mpya anajua pa kuanzia. Atasoma mashairi, atasikiliza tuni, atauliza mtunzi alikuwa na jambo gani moyoni. Albamu ya nyimbo za kurudia humnyima maswali hayo. Mashairi aliyaandika mtu mwingine, tuni ilishapendwa au kusahaulika zamani, na waimbaji walio mbele yake hawadai kwamba wametunga kitu. Amsifu nani, na kwa lipi?

Wasikilizaji wa Kiswahili wamekutana na swali hilo kupitia wimbo wao wenyewe. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte walitoa albamu ya pamoja iliyosheheni nyimbo za Kiafrika, "Malaika" ukiwamo. Mwaka uliofuata albamu hiyo ikatunukiwa Grammy katika kundi la muziki wa kiasili. Dunia iliwapenda waimbaji na ikaupenda wimbo. Lakini habari ya nani hasa aliutunga, Fadhili William wa Kenya aliyeurekodi na kundi la Jambo Boys au Adam Salim wa Tanzania anayetajwa kuwa alimtangulia, imebaki kuwa mabishano ya watu wa Afrika Mashariki wenyewe hadi leo.

Katika karne hii, albamu iliyowalazimisha wahakiki wa Marekani na Ulaya walijibu swali hilo kwa uzito ni "Raising Sand", iliyotolewa Oktoba 2007 na kampuni ya Rounder. Ina nyimbo 13 na waimbaji wawili. Mmoja ni Robert Plant, Mwingereza aliyekuwa mwimbaji wa Led Zeppelin tangu bendi hiyo ilipoundwa mwaka 1968 hadi ilipovunjika mwaka 1980, baada ya kifo cha mpiga dramu wake, John Bonham. Wa pili ni Alison Krauss, Mmarekani wa jimbo la Illinois, mpiga fidla na mwimbaji wa blugrasi, ule muziki wa banjo, fidla na mandolini wenye asili ya majimbo ya kusini. Albamu ilipoingia madukani Plant alikuwa na miaka 59, Krauss 36.

Kwa kusikia majina tu, watu wengi hawakuona wawili hawa wangepatana wapi. Plant alijulikana kwa sauti ya kupaa na kupasua, sauti iliyoigwa na waimbaji wengi wa roki nzito wa miaka ya 1970. Krauss alishika fidla akiwa na miaka mitano, akasaini mkataba na Rounder akiwa na miaka 14, na tangu hapo akajijengea heshima kwa sauti safi, nyembamba, isiyopandishwa bila sababu. Walikutana jukwaani Novemba 2004 mjini Cleveland, katika onyesho la kumuenzi Lead Belly, mwimbaji mweusi wa bluzi na nyimbo za kiasili aliyefariki mwaka 1949. Hapo ndipo wazo la kurekodi pamoja lilipoota.

Mshangao ule, hata hivyo, ulitokana na usahaulifu kidogo. Mwaka 1971, katika albamu ya nne ya Led Zeppelin, Plant aliimba "The Battle of Evermore" akipokezana na Sandy Denny, aliyekuwa mwimbaji wa Fairport Convention, kundi lililoongoza katika kuzipiga nyimbo za jadi za Kiingereza kwa magitaa ya umeme. Denny ndiye mwimbaji mgeni pekee aliyepata kushirikishwa katika rekodi za studio za Led Zeppelin. Mwaka mmoja kabla ya hapo bendi ilikuwa imetoa albamu ya tatu ambayo sehemu yake kubwa ni magitaa yasiyo ya umeme. Na Januari 2003 Plant alisafiri hadi jangwani nchini Mali kupiga katika tamasha la Festival au Désert. Kiu yake ya muziki wa kiasili, wa kwao na wa wengine, ilikuwa ya siku nyingi.

Muziki wanaouimba katika "Raising Sand" huwekwa katika kundi la foku-roki, yaani nyimbo za kiasili, au zilizotungwa kwa mtindo wa kiasili, zikipigwa kwa vyombo vya roki. Tangu mwanzo, muziki huu umeishi kwa kurudia nyimbo za wengine. Mwaka 1964 vijana wa The Animals kutoka Newcastle, Uingereza, waliuchukua "The House of the Rising Sun", wimbo wa kiasili wa Marekani usio na mtunzi anayejulikana, wakautia gitaa la umeme na kinanda. Mwaka 1965 The Byrds wa Los Angeles wakaufanyia hivyo "Mr. Tambourine Man" wa Bob Dylan, ukashika nafasi ya kwanza Marekani na Uingereza. Mtu asiyejua historia hiyo huona kurudia wimbo ni dalili ya msanii aliyeishiwa. Katika foku-roki, kurudia ndiyo kazi yenyewe, na mmoja wa waanzilishi wa The Byrds, Gene Clark, ana nyimbo zake mbili ndani ya "Raising Sand".

Aliyezichagua nyimbo nyingi na kuisimamia studio ni T Bone Burnett, mpiga gitaa aliyewahi kusafiri na Bob Dylan katika ziara ya Rolling Thunder Revue miaka ya 1975 na 1976. Jina lake lilikuwa limekwisha kupanda kwa kutayarisha muziki wa filamu "O Brother, Where Art Thou?" ya mwaka 2000. Albamu ya filamu ile, ambamo Krauss pia aliimba, iliuza mamilioni ya nakala na kuchukua Grammy ya albamu ya mwaka 2002, ikiwa imejaa nyimbo za zamani za mashambani ambazo redio za biashara hazikuzijali.

Burnett aliepuka vibao. Aliokota nyimbo za pembeni: wa Townes Van Zandt, wa Tom Waits na mkewe Kathleen Brennan, wa Allen Toussaint wa New Orleans, wa Mel Tillis, wa Sam Phillips, mwimbaji wa kike wa California, na wa Doc Watson na mkewe Rosa Lee. Zikaongezwa na "Gone Gone Gone" wa ndugu Everly wa mwaka 1964 na "Rich Woman", wimbo wa miaka ya 1950 ambao Dorothy LaBostrie, mwanamke aliyeshiriki kuandika "Tutti Frutti" wa Little Richard, aliutunga na McKinley Millet. Wimbo mmoja tu ulikuwa na jina la Plant miongoni mwa watunzi: "Please Read the Letter", aliokuwa ameurekodi na Jimmy Page, mpiga gitaa wa Led Zeppelin, mwaka 1998 katika albamu ambayo haikudumu sana vinywani mwa watu.

Wanamuziki waliowazunguka walikuwa wa daraja la juu. Marc Ribot alipiga gitaa la umeme, Dennis Crouch besi, Jay Bellerose dramu. Norman Blake, mkongwe wa gitaa la kawaida, alikuwamo, na Mike Seeger, ndugu wa baba mmoja na mwimbaji wa nyimbo za kiasili Pete Seeger, alipiga otohapu. Bellerose anastahili kutajwa peke yake. Dramu zake hazivumi kwa ukali. Zinanguruma chini chini, na mara nyingi ndizo zinazoupa wimbo hofu au huzuni yake.

Wahakiki waliipokea vizuri sana. Magazeti na majarida ya Marekani na Uingereza yaliisifu karibu kwa kauli moja, na albamu ikaingia chati za nchi zote mbili moja kwa moja katika nafasi ya pili. Kilichorudiwa zaidi katika sifa hizo ni utulivu. Mtu aliyejulikana kwa kupiga kelele alikuwa ananong'ona, na mwanamke aliyejulikana kwa usafi wa sauti alikuwa anaimba nyimbo zenye vumbi na machungu.

Sifa hiyo ni ya haki, ila haijafika ndani. Kunong'ona kila mwimbaji anaweza. Jambo gumu zaidi katika albamu hii ni jinsi sauti mbili zinavyokaa pamoja. Mtu yeyote aliyewahi kuimba kwaya anajua kwamba sauti ya pili ni kazi ya unyenyekevu: usikike, lakini usimfunike anayeongoza, uvute pumzi anapovuta, uishie neno anapoishia. Plant mwenyewe ameeleza katika mahojiano kwamba alikuwa mwimbaji wa mbele maisha yake yote, na kwamba kuimba sauti ya kuitikia lilikuwa jambo la kujifunza upya mbele ya Krauss, aliyekulia katika muziki ambao sauti za kupatana ndio uti wa mgongo wake. Sikiliza "Killing the Blues" wa Rowland Salley. Wanaimba pamoja tangu neno la kwanza hadi la mwisho, na baada ya muda sikio linaacha kujisumbua kutafuta nani anaongoza.

Katika "Nothin'" wa Townes Van Zandt kinatokea kitu kingine. Van Zandt aliurekodi mwaka 1971 kwa ukavu mkubwa, kama mtu asiye na haja ya kuhurumiwa. Burnett aliuongezea gitaa zito la umeme linalokwaruza, akamwachia Plant aimbe kwa sauti ya chini juu yake, kisha fidla ya Krauss ikaingia na kulia katikati. Hapo Led Zeppelin inasikika kwa mbali, lakini katika mpangilio wa ala tu. Mwimbaji hakuifuata. Wahakiki kadhaa waliuona wimbo huu kuwa kilele cha albamu, na ni vigumu kuwapinga.

Krauss naye alifanya mambo ambayo mashabiki wake wa blugrasi hawakuyazoea. Anauongoza "Let Your Loss Be Your Lesson", wimbo aliouimba Little Milton, mtu wa bluzi, na anauongoza kwa ujasiri na furaha. Katika "Trampled Rose" wa Waits na Brennan anaimba peke yake, sauti ikipanda bila maneno hadi mahali ambapo mwimbaji mwingine angeogopa kuvunjika. Waits aliuimba kwa koo lake la mkwaruzo mwaka 2004. Krauss hakumwiga hata kidogo, na hapo ndipo penye jibu la swali la mhakiki. Anayerudia wimbo hupimwa kwa alichokiona ndani yake ambacho wengine hawakukiona, na kwa alichokubali kukiacha.

Malalamiko yalikuwapo. Baadhi ya wasikilizaji waliona Burnett ameizamisha albamu nzima katika giza la aina moja: mwendo wa taratibu, mwangwi mwingi, gitaa linalotetemeka, wimbo baada ya wimbo. Wengine walitamani Plant aachiwe angalau mara moja afungue koo. Lawama ya kwanza ina ukweli. Katikati ya albamu kuna dakika ambazo nyimbo zinafanana rangi, na "Polly Come Home" wa Gene Clark unakwenda polepole mno kwa msikilizaji asiye na subira. Lawama ya pili haina uzito. Plant wa mwaka 1971 anapatikana katika rekodi za mwaka 1971.

Na wakati albamu inatoka, Plant huyo wa zamani ndiye aliyekuwa akitafutwa na dunia nzima. Tarehe 10 Desemba 2007, wiki chache tu baada ya "Raising Sand", Led Zeppelin walipiga tena pamoja katika ukumbi wa O2 jijini London, kumkumbuka Ahmet Ertegun, mmoja wa waanzilishi wa Atlantic Records. Jason Bonham alikaa kwenye dramu za baba yake. Maombi ya tiketi yalihesabiwa kwa mamilioni. Kila mtu alitarajia ziara kubwa ya dunia, yenye fedha za kutisha. Plant akaikataa, na mwaka 2008 akazunguka Marekani na Ulaya na Krauss, akiimba nyimbo za Gene Clark na Doc Watson. Uamuzi ule ulibadili namna albamu ilivyosikilizwa. Mhakiki aliyedhani huu ni mchezo wa mapumziko wa nyota mzee alilazimika kukiri kwamba mtu huyu anamaanisha.

Tuzo zikafuata. Februari 2008 "Gone Gone Gone" ulipata Grammy ya ushirikiano wa waimbaji wa pop. Mwaka huo huo albamu iliingia katika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Mercury ya Uingereza, ingawa walioshinda walikuwa bendi ya Elbow. Kisha ukaja usiku wa tarehe 8 Februari 2009 jijini Los Angeles, ambapo "Raising Sand" ilichukua Grammy tano: albamu ya mwaka, rekodi ya mwaka kwa "Please Read the Letter", albamu ya muziki wa kiasili wa kisasa, ushirikiano wa pop kwa "Rich Woman" na ushirikiano wa kantri kwa "Killing the Blues". Albamu moja ilitambuliwa kama pop, kantri na muziki wa kiasili kwa mpigo. Hata waandaaji wa tuzo hawakupata kabati moja la kuiweka.

Usiku ule ndio uliozua ubishi mkali zaidi kuliko wote. Walioshindana nao katika albamu ya mwaka walikuwa Coldplay, Ne-Yo, Radiohead kwa "In Rainbows" na Lil Wayne kwa "Tha Carter III", albamu iliyouza kuliko zote Marekani mwaka 2008. Wakosoaji wengi walisema wapiga kura wa Grammy wamekimbilia kwenye usalama tena: nyimbo za zamani, waimbaji wenye heshima, mtayarishaji aliyekwisha kushinda. Vijana wa hip hop waliona mlango umefungwa usoni mwao, na historia ya tuzo hizo inawapa sababu ya kuona hivyo. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki dhidi ya Grammy. Dhidi ya albamu hayakuwa na nguvu, kwa sababu "Raising Sand" ilikuwa imesifiwa mwaka mzima na zaidi kabla ya kura kupigwa. Isipokuwa tuzo humfunika mshindi kwa ubishi wake, na msikilizaji aliyeijua albamu hii kwa mara ya kwanza kupitia ushindi ule alianza kuisikiliza akiwa na kesi mkononi.

Jambo moja lilipitwa haraka na wahakiki wengi, nalo lilistahili nafasi kubwa zaidi: walioziandika nyimbo. Townes Van Zandt alifariki siku ya kwanza ya mwaka 1997, akiwa anaheshimiwa mno na watunzi wenzake na hajulikani sana nje ya mzunguko wao. Gene Clark alifariki mwaka 1991. Nyimbo zake mbili zilizomo humu alizitoa mwaka 1969 na Doug Dillard, na hazikuuza. Allen Toussaint aliuandikisha "Fortune Teller" kwa jina la mama yake, Naomi Neville, kwa hiyo hata anayesoma jalada kwa makini anaweza kumkosa. Nyimbo za watu hawa zilisikika katika albamu iliyovuka nakala milioni moja Marekani, majina waliyoyatumia yakiwa yameandikwa panapostahili.

Kwa Plant, hilo lina uzito wake. Mwaka 1985 Willie Dixon, mtunzi mkubwa wa bluzi wa Chicago, aliwashtaki Led Zeppelin kwa sababu "Whole Lotta Love" ilichota maneno ya "You Need Love", wimbo wake ulioimbwa na Muddy Waters mwaka 1962. Kesi ilimalizwa nje ya mahakama mwaka 1987, na jina la Dixon likaongezwa kwenye wimbo. Kijana aliyechukua maneno ya wazee bila kuwataja alikuja, karibu na miaka 60, kutengeneza albamu ambayo heshima kwa watunzi ndiyo msingi wake. Uhakiki ulioishia kwenye sauti ya kunong'ona uliiacha habari hii nje.

Jaribio la kurekodi albamu ya pili na mtayarishaji Daniel Lanois halikuzaa matunda. Ilibidi kusubiri miaka 14. "Raise the Roof" ilitoka Novemba 2021, Burnett akiwa tena studio, na nyimbo za Anne Briggs na Bert Jansch wa Uingereza, Merle Haggard, kundi la Calexico na Geeshie Wiley, mwanamke wa bluzi aliyerekodi nyimbo chache tu mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wahakiki waliisifu, safari hii bila mshangao. Uchaguzi wa nyimbo ni mpana zaidi, na "Quattro" wa Calexico umefunguliwa kwa namna inayozidi nyimbo kadhaa za albamu ya kwanza. Hata hivyo "Raising Sand" ndiyo inayosimama juu, kwa sababu humo unasikia waimbaji wawili wakigundua wanachoweza kufanya pamoja wakati mitambo inarekodi.

Msomaji anayetaka kuipima hukumu hii kwa masikio yake asianze na tuzo. Aitafute "Nothin'" ya Van Zandt ya mwaka 1971, aisikilize mara mbili, ndipo aende kwa Plant na Krauss. Kisha afanye vivyo hivyo na "Through the Morning, Through the Night" ya Dillard na Clark ya mwaka 1969. Na wale wenye kipaza sauti redioni au safu ya muziki gazetini, kila wanapocheza au kuuandikia wimbo uliorudiwa, wa Marekani au wa hapa nyumbani, wamtaje kwanza aliyeutunga.